Ukitaka kuishabikia Clare, anzia kwenye miaka ya kushindwa

Anayehamia kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, hukutana na halingi, mchezo wa Kiayalandi wa gongo na mpira, ndani ya wiki ya kwanza. Bendera za zafarani na bluu zimening'inia kwenye vibaraza, watoto wanatembea na magongo mkononi wakienda shule, na foleni ya dukani inazungumzia mechi ya Jumapili. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Ennis, na mchezo huu nimefundishwa na watu waliozaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wamenifundisha kwa utaratibu wao: kwanza machungu, halafu makombe. Wenzetu wengi wanaokuja huku huanza na fainali ya 2024 kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye simu, kisha wanashangaa kwa nini mtu mzima wa miaka themanini analia akiitazama. Fuata utaratibu wa wazee. Utaelewa.

Soma matokeo kabla ya kutazama mechi

Kila timu ina wachezaji 15. Kila mmoja ana gongo la mbao ya mti wa ash, bapa upande wa chini, na mpira ni mdogo wa ngozi, unaitwa sliotar. Unapigwa hewani, unadakwa kwa mkono, unabebwa juu ya gongo huku mtu anakimbia. Milingoti ina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni ni goli, nalo ni pointi tatu. Ukipita juu yake kati ya milingoti ni pointi moja. Mechi za kaunti za wakubwa huchukua dakika 70.

Matokeo huandikwa magoli kwanza, kisha pointi. Fainali ya 2024 ilikuwa Clare 3-29, Cork 1-34. Zidisha magoli kwa tatu, ongeza pointi: Clare 38, Cork 37. Fanya zoezi hilo mara kadhaa mpaka likutoke bila kufikiri, kwa sababu mtangazaji hatakusubiri, na jirani yako uwanjani atakuambia tu "tuko mbili nyuma" akidhani umeshajumlisha.

Halafu chukua matokeo ya zamani ulinganishe. Mwaka 1914 Clare waliifunga Laois kwenye fainali 5-1 kwa 1-0. Pointi moja tu juu ya mtambaa panya kwa mechi nzima! Siku hizi pointi 29 zinaweza zisitoshe kushinda. Mipira imekuwa myepesi, wachezaji wana mazoezi ya kisasa, na mtu anafunga kutoka nusu ya uwanja wake mwenyewe. Ukiona tofauti hiyo kwenye karatasi, umeshaanza kuisoma historia.

Kariri miaka mitano, kisha miaka iliyo katikati

Clare wametwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mara tano: 1914, 1995, 1997, 2013 na 2024. Kilkenny wana 36, Cork 30, Tipperary 29. Ubingwa wa jimbo la Munster Clare wameupata mara sita: 1889, 1914, 1932, 1995, 1997 na 1998. Hayo ndiyo yote. Yaandike mahali.

Sasa tazama pengo. Kutoka 1914 hadi 1995 ni miaka 81. Mtoto aliyezaliwa baada ya fainali ile ya kwanza alikua, akaoa, akapata wajukuu, na wengi walizikwa bila kuona ya pili. Pengo la Munster nalo, kutoka 1932 hadi 1995, ni miaka 63. Mwaka 1932 wenyewe Clare walifika fainali ya Ayalandi wakafungwa na Kilkenny 3-3 kwa 2-3.

Ndani ya pengo hilo kuna majina unayopaswa kuyajua, na mtu wa kwanza ni Jimmy Smyth wa kijiji cha Ruan. Mwaka 1953, katika mechi ya Munster dhidi ya Limerick, alifunga peke yake 6-4. Jumlisha: pointi 22 kutoka kwa gongo moja. Smyth hakuwahi kushinda ubingwa wa Munster akiwa na Clare, achilia mbali wa Ayalandi. Mwaka 1955 ilionekana zamu yao imefika, maana walikuwa wameshawatoa Cork na Tipperary. Wakaingia fainali ya Munster wakipewa nafasi kubwa, na Limerick wakawafunga. Ukimtaja Smyth mbele ya mzee yeyote wa mashariki ya Clare, kaa chini, maana hutaondoka karibuni.

Miaka ya 1977 na 1978 Clare walishinda ligi ya taifa mara mbili mfululizo, na kila mara Cork waliwazuia kwenye fainali ya Munster. Ile ya 1977, mjini Thurles, inakumbukwa pia kwa wezi wenye silaha waliopora fedha za viingilio wakati mechi inaendelea. Mwaka 1993 walifungwa fainali ya Munster na Tipperary kwa tofauti ya pointi 18. Mwaka 1994 wakarudi fainali, Limerick wakawafunga kwa tofauti ya tisa. Mzee mmoja ninayemhudumia hakwenda kwenye mechi yoyote mwaka uliofuata, ndio huo wa 1995. Alikuwa ameapa.

Utaambiwa pia habari za Biddy Early, mganga wa miti shamba wa Feakle, kwamba aliilaani timu. Usiirudie hadithi hiyo kama ukweli. Biddy Early alifariki mwaka 1874, na chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles. Tena mwanzilishi wake mkuu, Michael Cusack, alikuwa mzaliwa wa Carron, hapa hapa Clare. Mama wa watu hakuishi kuiona timu. Naona hadithi ile ilidumu kwa sababu kushindwa kwa muda mrefu namna hiyo kunatafuta mtu wa kubebeshwa lawama, na mwanamke maskini aliyekwisha kufa hawezi kujitetea.

Mwaka 1995, taratibu

Hapa usiharakishe. Ukiwa na muda wa kutazama mwaka mmoja tu, utazame huu, na uanze kwenye maandalizi.

Kocha alikuwa Ger Loughnane wa Feakle, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kama mchezaji alikuwa ndani ya fainali zile za Munster walizopoteza mwaka 1977 na 1978. Alijua ladha ya kile alichokuwa anakikimbia. Mkufunzi wa mazoezi alikuwa Mike McNamara wa Scariff. Majira ya baridi waliwakimbiza wachezaji kwenye uwanja wa matope wa Crusheen na kupanda kilima kimoja cha Shannon hadi watu wakatapika. Kumbuka kwamba hawa hawalipwi mshahara wa kucheza. Ni walimu, wakulima, wauza bidhaa, wanafunzi. Asubuhi yake walikuwa kazini kama kawaida. Kila mtu huchezea klabu ya kijijini kwake na kaunti yake, hanunuliwi na kwenda kwingine. Ukilielewa hilo moja, utaelewa kwa nini watu huku wanasema "sisi" wakiizungumzia timu.

Mechi ya kwanza ya kutafuta ni nusu fainali ya Munster dhidi ya Cork. Beki wa kati wa mbele, Seánie McMahon, alivunjika mtulinga. Clare walikuwa wamemaliza wachezaji wa akiba, kwa hiyo badala ya kutoka alisogezwa pembeni mwa safu ya ushambuliaji akae pale akiwa na mkono mmoja. Dakika za mwisho akamsumbua beki wa Cork mpaka mpira ukatoka nje, Fergie Tuohy akaupiga ule mpira wa pembeni, Ollie Baker akafunga goli. Clare 2-13, Cork 3-9. Jumlisha mwenyewe: tofauti ni pointi moja.

Ya pili ni fainali ya Munster dhidi ya Limerick, Thurles, mwezi Julai. Kabla ya mapumziko Clare walipata penalti, na aliyetoka mbio kuja kuipiga alikuwa golikipa, Davy Fitzgerald. Alifunga, akageuka, akarudi golini kwake kwa kasi ileile. Itazame mbio hiyo zaidi ya goli lenyewe. Clare walishinda 1-17 kwa 0-11, na miaka 63 ikaisha.

Ya tatu ni fainali ya Ayalandi, Croke Park, Dublin, Septemba 3, dhidi ya Offaly waliokuwa mabingwa watetezi. Kama huna muda, tazama dakika kumi za mwisho. Offaly wako mbele. Nahodha wa Clare, Anthony Daly wa Clarecastle, anapiga mpira mrefu wa adhabu, unarudi mchezoni badala ya kupita, na Eamonn Taaffe, aliyeingia kutoka benchi, anauchapa wavuni. Muda mfupi baadaye Taaffe alitolewa tena. Kazi yake ya siku hiyo ilikuwa imekwisha. Kisha Clare wanapata mpira wa adhabu wa mita 65, ule unaotolewa beki akiutoa mpira nje nyuma ya goli lake, na Daly anaupitisha. Jamesie O'Connor anaongeza mmoja. 1-13 kwa 2-8.

Usizime video kipenga kinapolia. Tazama nyuso za watu wazima wanaoingia uwanjani. Mzee wangu niliyemtaja aliisikiliza kwenye redio, nyumbani, kwa sababu ya kile kiapo, na mpaka leo anaijutia Jumapili ile.

1997 na 1998: furaha na kidonda

Mwaka 1997 ulikuwa wa kwanza kwa utaratibu mpya uliowapa waliofungwa fainali za Munster na za Leinster, jimbo jingine, nafasi ya pili. Matokeo yake Clare waliwafunga Tipperary kwenye fainali ya Munster, na Tipperary haohao wakawasubiri kwenye fainali ya Ayalandi. Clare 0-20, Tipperary 2-13. Pointi ya ushindi ni ya Jamesie O'Connor, na baada yake Fitzgerald aliokoa mkwaju wa John Leahy ambao ungebadilisha kila kitu. Ni mechi tamu kutazamwa yote. Naiweka juu ya ile ya 1995 kwa ubora wa mchezo, ingawa hapa Ennis watu wachache watakubaliana nami.

Mwaka 1998 uufahamu, lakini usiwe wewe wa kuuanzisha kwenye mazungumzo. Nusu fainali ya Ayalandi dhidi ya Offaly iliisha sare. Kwenye marudiano Clare walikuwa mbele kwa pointi tatu mwamuzi alipopuliza kipenga cha mwisho kama dakika mbili kabla ya wakati. Mashabiki wa Offaly waliingia uwanjani Croke Park wakaketi kwenye nyasi, hawatoki. Ikaamuliwa mechi ichezwe mara ya tatu, Thurles, na Offaly wakashinda 0-16 kwa 0-13, wakaenda mpaka kutwaa ubingwa. Clare walikuwa na timu ya kuchukua kombe la tatu ndani ya miaka minne. Tangu mwaka huo hawajawahi tena kushinda ubingwa wa Munster.

Baada ya hapo pita haraka: fainali ya 2002 walifungwa na Kilkenny, nusu fainali ya 2005 walifungwa na Cork kwa pointi moja.

Tazama nani yuko kwenye benchi

Jambo ninalotaka ulishike ni hili. Ushindi wa Clare haudondoki kutoka mahali. Daima kuna mtu aliyeungua kabla yake. Loughnane alibeba 1977 na 1978 mpaka 1995. Golikipa wa 1995, Davy Fitzgerald, ndiye kocha wa 2013. Beki wa kati wa 1995, Brian Lohan, yule wa kofia nyekundu, ndiye kocha wa 2024. Unapotazama mechi ya Clare, mara kwa mara ondoa macho kwenye mpira umtazame kocha.

Fainali ya 2013 ilichezwa mara mbili, zote dhidi ya Cork. Ya kwanza Clare waliongoza karibu mechi nzima, wakafunikwa dakika ya mwisho, kisha beki wa pembeni, Domhnall O'Donovan, ambaye hakuwahi kufunga pointi kwenye mechi ya ubingwa, akapanda na kusawazisha. 0-25 kwa 3-16, sare ya 25. Marudiano yalikuwa Jumamosi jioni, Septemba 28, chini ya taa. Shane O'Donnell, kijana wa miaka 19 wa klabu ya Éire Óg ya hapa Ennis, aliambiwa siku hiyohiyo kwamba ataanza. Alifunga magoli matatu kabla dakika ya 20 haijafika. Clare 5-16, Cork 3-16.

Kuhusu 2024, anza na miaka miwili kabla yake. Mwaka 2022 na 2023 Clare walipoteza fainali ya Munster kwa Limerick, na mara zote mbili Kilkenny wakawatoa nusu fainali. Mwaka 2024 wakapoteza tena fainali ya Munster kwa Limerick, wakakutana tena na Kilkenny nusu fainali, na safari hii wakawashinda. Fainali ya Julai 21 dhidi ya Cork ilikwenda muda wa nyongeza. Nahodha Tony Kelly wa Ballyea alifunga goli ambalo utaonyeshwa na kila mtu kwenye simu yake: anamkwepa mtu, anauchezea mpira kwenye gongo kana kwamba umefungwa uzi, anausukuma wavuni. Dakika ya mwisho mchezaji wa Cork alivutwa jezi akipiga, mpira ukatoka nje, kipenga cha faulo hakikulia. Watu wa Cork hawajasahau, na sioni kwa nini wasahau. Ukikaa karibu nao, wape haki yao ya kulalamika.

Kisha 2025 Clare walishushwa daraja kwenye ligi na hawakuvuka hatua ya makundi ya Munster. Mabingwa watetezi, nje kabla ya kiangazi kukolea. Wazee wangu hawakushtuka hata kidogo. Walinitazama kama mtu aliyefika nusu ya somo.

Siku ya kwenda uwanjani

Ligi huanza Januari. Ubingwa wa Munster huanza Aprili: Clare, Cork, Limerick, Tipperary na Waterford, kila timu mechi nne, mbili nyumbani na mbili ugenini. Wawili wa juu wanacheza fainali ya jimbo, wa tatu anaendelea kwenye ubingwa wa Ayalandi, wawili wa chini wanarudi nyumbani. Fainali ya Ayalandi huwa Julai.

Nyumbani kwa Clare ni Cusack Park, Ennis, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya mji. Tiketi nunua mapema mtandaoni au kwenye maduka ya SuperValu na Centra. Usitegemee kulipa fedha taslimu mlangoni. Vaa nguo za mvua hata kama asubuhi kuna jua. Mashabiki hawatenganishwi: utakaa kati ya watu wa Limerick na watu wa Tipperary, na familia nzima zipo, bibi mpaka kichanga. Mtu atamtukana mwamuzi karibu na sikio lako kisha akupe kipande cha sandwichi yake. Pokea.

Kwa mechi za ugenini, Limerick kuna treni ya moja kwa moja kutoka Ennis. Thurles iko kwenye reli ya Dublin kwenda Cork, na ukifika mapema pita katikati ya mji uione hoteli ya Hayes. Croke Park inaingiza watu 82,300; tiketi za fainali hugawanywa zaidi kupitia klabu, kwa hiyo kama unaitaka, jiunge na klabu ya kijijini kwako mwanzoni mwa mwaka na usaidie kazi zao. Hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Ukijua klabu, salamu zinakuwa rahisi. Kelly ni Ballyea, Daly ni Clarecastle, Lohan ni Wolfe Tones ya Shannon, O'Connor na McMahon ni St Joseph's Doora-Barefield. Muulize mtu klabu yake kabla ya kumuuliza kazi yake. Lakini ukienda magharibi, Kilrush au Miltown Malbay, punguza maneno ya halingi: kule wanacheza zaidi kandanda ya Kigaeli, mpira wa Kiayalandi wa mikono na miguu, na wana ubingwa wao wa Munster wa 1992 wa kukusimulia.

Na kama una mtoto, mpeleke kwenye mazoezi ya klabu, hata akiwa na miaka mitano. Kofia yenye kinga ya uso ni lazima, usikubali aguse mpira bila hiyo. Gongo lisiwe refu: lisimamishe chini kando yake, juu lifike usawa wa mfupa wa nyonga. Likizidi hapo atalishika katikati na kujifunza vibaya. Magongo ya watoto hupitishwa kutoka kaka kwenda mdogo, hivyo uliza klabuni kabla ya kununua jipya.